Sahani ya Wacheki Iliyorudi Bila Jeraha

Mume wangu aliuza jibini, ile ya mviringo inayoshuka kutoka vilima vya Masisi, na Jumapili baada ya misa alisikiliza muziki wa Wacheki. Jambo la kwanza lilijulikana na mtaa wetu wote wa Keshero, hapa Goma. La pili lilijulikana na rafiki zake watatu, na mimi niliyekuwa naosha sahani.

Nasema sahani nikiwa na maana ya zile nyeusi za santuri. Alinunua kasha zima sokoni Birere, kwa mtu aliyekuwa anaondoa vitu katika nyumba ya mgeni aliyerudi kwao. Juu kulikuwa na rumba, na rumba ndiyo aliyoitaka. Alipofika nyumbani akakuta rumba ni tatu tu, chini yake kumejaa majalada yenye picha ya daraja refu, mto, na masanamu ya watakatifu pande zote mbili. Alikasirika. Halafu akaweka moja kwenye mashine, ili tu aweze kusema kwamba ameisikia na haifai. Alikuwa ameshafungua vifungo viwili vya shati. Kifungo cha tatu alikifungua upande mzima ulipokwisha.

Sahani aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya orkestra kubwa, iliyopigwa na Wacheki wenyewe, mjini Praga. Katikati ya upande wa pili vyombo vyote vinanyamaza, inabaki filimbi moja ya mbao yenye sauti nzito. Mume wangu alisema ni kama mtu anayeita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, hana haraka, anajua watakuja. Utotoni alichunga ng'ombe. Mimi pia natoka Masisi, na nilisikia kitu hicho hicho, lakini sikuwahi kusema mbele ya rafiki zake. Mimi niliishia darasa la sita.

Rafiki hao walikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Katoyi, mwalimu mstaafu, na kiongozi wa kwaya ya parokia. Kila mmoja alikuwa na sahani zake. Muziki ule ule wa Wacheki walikuwa nao katika sahani tatu, uliopigwa na watu tofauti, na Jumapili zilipita wakibishana ni ipi iliyo bora.

"Bacheki benyewe ndio banajua mahali pa kupumua," mume wangu alikuwa akisema.

"Banapumua sana, banalala," fundi alijibu. Yeye alikuwa na iliyopigwa na Wajerumani. "Sikiliza yangu, muzee. Imenyooka kama pasi imepita."

"Kila kitu kwako ni suruali!"

Mwalimu alicheka mpaka akaondoa miwani. Kiongozi wa kwaya alikuwa na yake, ya zamani sana, inayosikika kama watu wanapiga ndani ya ndoo, lakini aliitetea kwa heshima ya umri.

Kazi yangu ilikuwa vumbi. Aliyeishi Goma anajua vumbi letu jeusi la mawe ya volkano, linaloingia hata ndani ya chumvi iliyofunikwa. Likikaa kwenye sahani, sindano inalisaga. Niliziosha kwa maji ya mvua na tone la sabuni, nikazifuta kwa kitenge kikuukuu. Siku moja nilichukua kitenge kilichokuwa kimeanikwa nje bila kukikung'uta. Nilipofuta sahani ile ya Praga nilisikia chini ya vidole kitu kidogo kinakwama. Mume wangu aliporudi nilimwambia kabla hajakaa. Tulisikiliza pamoja. Filimbi ilipoanza kuita, chini yake ikasikika tik, halafu tik, kila sahani ilipozunguka. Mara kumi na moja, ikaisha.

Aliinua sindano. Mwisho akasema, "Bon. Sasa hakuna mutu ataiiba."

Hakuongeza neno tena juu yake, siku hiyo wala siku nyingine.

Mlima ulipotema moto na tukaambiwa tuondoke mjini, kila mtu alibeba alichoweza kuelekea mji wa Sake. Watu walibeba magodoro na sufuria. Mume wangu alitoa sahani zote ndani ya majalada ili ziwe nyepesi, akazifunga kwa vitenge kama anavyofunga jibini, moja juu ya nyingine. Njiani mvua ilitunyeshea. Tulipofungua mzigo, vile vikaratasi vya katikati vinavyoonyesha majina vilikuwa vimebanduka katika sahani nyingi. Tuliporudi nyumbani mimi ndiye niliyezirudisha ndani ya majalada, na nilikosea. Rumba niliiweka kwenye jalada la misa ya Wacheki. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wote wanne nikasema kosa ni langu.

Walicheka sana. Wakazipanga upya kwa masikio, mchana mzima, wakila jibini na ndizi. Ile ya Praga walipoiweka, hakuna aliyebisha. Tik ya kwanza iliposikika, fundi aliinua kidole: "Huyu namujua. Ana kikohozi." Nilikuwa napita na sinia. Nilimwona kwa macho yangu, na kidole chake juu.

Mume wangu aliugua presha, akakaa hospitalini siku sita, akafa. Sitaandika zaidi juu ya siku hizo.

Alikuwa ameniomba jambo moja: siku ya kuondoa kiriyo, wakati familia inamaliza matanga na watu wanarudi kwenye kazi zao, ile sahani ichezwe mbele ya wote. Wakubwa wa familia walishangaa, wao walizoea kwaya, lakini walikubali. Siku chache kabla, fundi alikuja nyumbani.

"Shemeji, nipatie ile disiki niijaribu kwangu. Siku ile sindano isituletee aibu."

Nilimpa pamoja na jalada lake. Nilimshukuru hata. Aliirudisha baada ya siku mbili, imefutwa vizuri.

Siku ya kuondoa kiriyo ua ulijaa. Mwalimu alisema maneno machache, kiongozi wa kwaya akashusha sindano. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Katika matanga yote sikuwa nimelia mbele za watu. Nilikuwa nimejiambia, itakapofika tik ya kwanza, hapo nitamwachia aende.

Vyombo vilinyamaza. Filimbi ikaanza kuita. Ilikuwa safi kabisa. Nilingoja. Iliita mara ya pili, ikaita mara ya tatu, hakuna kitu chini yake.

Mtu akikwaruzwa anapona. Sahani haiponi. Nilisimama, nikapita kati ya watu mpaka kwenye mashine.

"Hii si yake," nilisema.

Kiongozi wa kwaya aliinua sindano. Nikachukua sahani nikaishika katikati. Yangu ilikuwa laini pale, kwa sababu niliisugua gundi yote baada ya mvua. Hii ilikuwa bado inanata kidole.

Fundi alikuja karibu, akasema kwa upole, ili watu wote wasikie upole wake: "Shemeji, si ulituambia wewe mwenyewe? Wakati wa volkano ulichanganya majalada. Labda tangu siku ile si yenyewe. Matanga inachokesha mutu."

Wanawake wakanishika mikono. Niliwatazama wale rafiki wawili wengine. Walikuwa wamekaa siku ile ya kuzipanga sahani wakila jibini yetu, wakasikia kikohozi kile kwa masikio yao. Mwalimu alitazama viatu vyake. Kiongozi wa kwaya alirudisha sindano mahali pake kama kitu kinachohitaji uangalifu mwingi.

"Tuendelee na sala," mwalimu alisema.

Kwa hiyo matanga yaliisha. Watu walikula, wakaondoka, na mimi nikabaki nimemshikilia.

Kilichonisumbua zaidi wiki zile ni kwamba nilianza kumwamini fundi. Ni kweli nilikuwa nimekosea majalada. Nililala nikijiuliza kama ile tik ilikuwepo kweli, au ni mimi niliyeitaka. Nilitoa sahani zote nikazisikiliza moja moja, hata rumba.

Halafu siku moja, saa nane mchana, nilipeleka jibini kwa mteja huko Katoyi. Nyumba ya fundi iko njiani, ua wa mbao, dirisha wazi kwa sababu ya joto la pasi. Nilisikia filimbi kabla sijaona mlango wake. Nikaweka ndoo ya jibini chini. Nilihesabu kwa vidole, mpaka vidole vikaisha, na baada ya kidole cha mwisho ikaja moja tena.

Niligonga. Alinifungulia akiwa na futi shingoni. Hakujaribu kuzima mashine.

"Shemeji."

"Ile si ya Wajerumani," nilisema.

"Hapana."

"Ulisema Bacheki banalala."

Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea. "Miaka yote nilikuwa nabisha tu. Kama ningekubaliana naye, tungeongea nini kila Jumapili? Yangu ya Wajerumani, nikiwa peke yangu, siiweki ata."

"Ukaibandua karatasi yake, ifanane na yetu."

"Niliiweka kwenye maji," alisema. Halafu akasema kile ambacho tangu siku hiyo ninaishi nacho. "Muzee alinipatia kwa mudomo. Kule hospitali. Alisema, nikienda, ikishachezwa kwenye kiriyo, chukua ya Praga. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta maji ya moto."

Kila jioni hospitalini nilikwenda kutafuta maji ya moto. Hilo alilijua.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungenipatia?"

Nilifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. "Hapana."

"Unaona."

"Ningekukatalia usoni," nilisema. "Wewe ulifanya watu banishike mikono kama mwenda wazimu, mbele ya familia yake. Kama ni kweli alikupatia, alisema ichezwe kwanza. Hukungoja ata hiyo."

Fundi aliondoa sahani kwenye mashine, akaifunga kwa kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, akanipa kwa mikono miwili. Niliibeba juu ya ndoo ya jibini mpaka Keshero.

Yake, ya Wajerumani, ilikuwa bado kwangu. Niliiosha kwa maji ya mvua, nikasugua gundi ya katikati mpaka ikawa laini, nikaikausha kwa kitenge nilichokikung'uta mara tatu. Nikaipeleka Katoyi nikampa mke wake mlangoni. Sikutaka kitu cha mtu nyumbani mwangu.

Mwalimu nilikutana naye baada ya misa. Nilimwuliza kama siku ile alisikia.

"Nilisikia, mama. Ilipokosekana ile tik ya kwanza tu, nilijua."

"Na hukusema."

Aliondoa miwani, akaifuta, ingawa siku hiyo hakuwa amecheka. "Tulikuwa bane. Tukabaki batatu. Ningesema, tungebaki bangapi?"

Nilimwambia siku njema. Najua bado wanakutana, siku hizi kwa kiongozi wa kwaya. Walituma mtu kunialika mara moja. Nilisema aksanti, nina kazi.

Jumapili naiweka mwenyewe. Nilidhani ikirudi nitamaliza kilio kilichokatizwa siku ile uani, lakini sijaweza. Filimbi inaita, tik ya kwanza inafika, na badala ya kulia najikuta nasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, kama mtu anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili: "Ulimwahidi kweli? Ulingoja nitoke kwenda kutafuta maji?" Nauliza katika tik ya pili, nauliza katika ya tano. Ikifika ya kumi na moja nainua sindano, naifuta sahani, naangalia kwanza kitenge kama kina vumbi.