Baa ya Ghorofani Isiyo na Muziki

Nilipohamishiwa Nakuru, kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Watu walipiga kulalamika kuanzia saa mbili asubuhi, nami nilitakiwa kusikiliza, kuomba radhi, kisha kusikiliza tena. Ikifika saa kumi na moja jioni masikio yalikuwa yamechoka kuliko mwili mzima. Sikutaka kwenda moja kwa moja kwenye nyumba niliyopanga mtaa wa Section 58. Nilitaka kuketi mahali ninywe bia moja polepole, bila kuulizwa chochote.

Mwenzangu wa dawati la pili, mama wa miaka arobaini na kitu aliyezaliwa hapa hapa mjini, alisema atanitafutia baa iliyotulia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na akicheka alisikika hadi barabarani. Tulijaribu tatu wiki ile. Ya kwanza ilikuwa na televisheni nne, zote za mpira. Ya pili, spika ilikuwa nyuma ya kiti changu. Ya tatu, wanaume wawili walituagizia vinywaji ambavyo hatukuomba, kisha wakaja kuketi navyo mezani petu.

Ijumaa mvua ilitukuta karibu na soko. Tukakimbilia mlango uliokuwa wazi kando ya duka la mabati na misumari. Ndani kulikuwa na ngazi, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: Baa, juu. Tulipanda bila kusikia muziki wala sauti ya mtu, nikadhani wamefunga.

Chumba kilikuwa kimejaa. Watu kama thelathini walikuwa wameketi na chupa zao, na karibu wote walikuwa wakizungumza kwa mikono. Mzee mmoja wa dirishani alikuwa akibishana na mwanamke aliyeketi upande wa pili kabisa wa chumba, wakipitishiana maneno juu ya vichwa vya watu, wala hapakuwa na aliyesumbuka. Aliyetaka kumwita mwenzake alikanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino, na mwenzake akageuka. Nilisimama pale mlangoni maji yakinitiririka, nimesahau hata kukaa. Siku nzima nilikuwa nimesikia maneno yasiyoisha, na sasa nilikuwa nikiyaona.

Mwenye baa, mama mnene aliyevaa sweta la kijani, alikuwa kiziwi. Alitujia, akanyoosha viganja vyake mbele kama mtu anayeota moto, kisha akajikumbatia akitetemeka. Nilielewa: bia ya moto ama baridi? Nikajikumbatia nami. Akacheka.

Mume wake, ambaye alikuwa anasikia, alituambia kuwa wateja wengine walikuwa watu wanaosikia, wa maofisini, walioanza kuja kwa sababu ya utulivu na kujifunza ishara kidogo kidogo. Nilimgeukia mwenzangu nimwambie tumefika. Hakuwa amegusa glasi yake.

"Mdogo wangu yuko hivi," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ndipo akanieleza. Mdogo wake alikuwa seremala mtaa wa Kaptembwo. Utotoni alipelekwa shule ya viziwi ya bweni akajifunza ishara, lakini nyumbani hakuna aliyejifunza naye. Walimwonyesha chakula, walimwonyesha kazi, basi. Alisema atamleta apaone.

Wiki iliyofuata alimleta, mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Dada alimshika mkono kumpandisha ngazi kama mgeni. Tulipoingia, mwenye baa alizima taa na kuiwasha mara mbili. Watu wote wakageuka, kisha nusu ya chumba ikainua vidole viwili na kuvigusisha nyuma ya sikio, pale fundi anapochomeka penseli.

"Hilo ndilo jina lake hapa," mume wa mwenye baa alisema. "Huja kila Jumamosi, miaka mingi sasa. Kwani hukujua?"

Mwenzangu aligeuka kumtafuta. Ndugu yake alikuwa ameshavutiwa kiti, na mikono yake ilikuwa imeanza. Alikuwa akisimulia kuhusu mteja aliyeagiza kitanda kikubwa kuliko mlango wake, wakalazimika kung'oa dirisha, na jirani akadhani wanaiba. Alikuwa mteja, alikuwa jirani, alikuwa kitanda chenyewe kikikwama. Watu walikanyaga sakafu kwa kicheko hadi glasi zikagongana mezani. Mume wa mwenye baa alitutafsiria kwa vipande, akishindwa kuendelea kwa kicheko.

"Nilidhani hana mengi ya kusema," mwenzangu aliniambia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Tangu siku hiyo tulienda kila Ijumaa, na baadaye Jumamosi pia. Mwenye baa ndiye aliyetufundisha. Mwenzangu alikosea sana. Siku moja alimwambia ndugu yake kuwa mama yao ni mbuzi, na jamaa akaishika meza asianguke. Lakini hakuacha.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu tuanze kujifunza, ndugu yake alipomwuliza swali. Alilisema polepole ili dada aelewe. Baba yao alipokufa, yeye alikuwa Longonot akipaua nyumba, na walimwita siku ya mazishi. Baba alisema nini mwisho?

Mume wa mwenye baa alisogea kusaidia, mwenzangu akamzuia. Alijibu mwenyewe, akisimama kila baada ya neno kulitafuta. Baba alikuulizia. Nikataka kukuita. Akakataa. Alisema umalize kwanza paa la watu, mvua ilikuwa karibu.

Ndugu yake aliomba arudie, naye akarudia. Alikaa akitazama mikono ya dada yake, ambayo ilikuwa imetulia juu ya meza. Kisha akawageukia wenzake wa meza ya jirani, akaanza kuwaambia, kwa kasi yake ya kawaida, baba yake alisema nini. Mimi, kwa zile ishara zangu chache, nilishika baba, nikashika paa, nikashika mvua.