Mama Niliyemkatiza Kikaoni

Nilizaliwa Tanga, na kwa miaka mingi niliona hilo peke yake ni cheti cha Kiswahili. Nilipopangiwa kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Vwawa, nilikuja na majivuno tele. Walimu wenzangu wakikosea ngeli niliwasahihisha kabla hawajamaliza kusema. Walicheka, nami nikadhani wananipenda.

Siku moja, kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja wa Kinyiha, mkulima wa kahawa, alisimama. Binti yake alikuwa darasa langu la tano, mtoto mpole ambaye alama zake zilishuka kila mtihani.

"Mwalimu," alianza, "hii kiti ya mtoto wangu..."

"Kiti hiki, mama," nikamkatiza. "Kiti cha mtoto wangu. Kama nyumbani mnaongea hivi, mtoto atafaulu vipi?"

Wazazi wakaangua kicheko. Yule mama alibaki amesimama kidogo, akajifunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea, kisha akatoka nje. Mimi nikaendelea na ajenda.

Wiki iliyofuata nilikuwa nasahihisha madaftari nikaona yule binti amenakili vitu visivyoeleweka: maneno nusunusu, nane mahali pa tatu. Nikamwita.

"Kwani huoni ubaoni?"

"Sioni vizuri, mwalimu. Mama alikuja kuomba kiti changu kisogezwe mbele."

Nilimhamisha dakika ileile, na baadaye hospitali wakampatia miwani. Lakini mimi sikutulia. Nilianza sentensi ubaoni nikasahau naimaliziaje. Malori ya kwenda Tunduma yalipiga honi barabarani, na kila honi ilinishtua kama mtu aliyeitwa jina. Nilijiambia mtoto yuko mbele, yameisha. Hayakuisha. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi kwao.

Nilimkuta shambani anachuma kahawa. Hakuacha kuchuma.

"Umekuja kunisahihisha tena?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilikukosea."

Aliangusha punje nyekundu ndooni, kiganja baada ya kiganja. Kisha akasema, "Ulinifanya nichekwe mbele ya watu. Leo unaniomba radhi huku kwenye mibuni, anayesikia ni nani?"

Kiburi kikanipanda upya. Mimi, mwalimu, nijivue nguo mbele ya wazazi? Nikaaga vibaya, nikaondoka.

Kikao kingine kilikuwa baada ya wiki tatu. Niliandika barua ya kumpelekea, nikaichana. Nikafikiria kujisingizia ugonjwa. Nililala nikiamka, nikazunguka uwanja wa shule wakati wenzangu wanakula. Asubuhi ya kikao nilifika mapema, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena.

Mwalimu mkuu alipofungua kikao, nikaomba nafasi.

"Kikao kilichopita nilimdhihaki mama huyu aliyekaa mlangoni. Alikuja na shida ya mtoto, mimi nikasikiliza ngeli. Mama, naomba radhi, mbele ya watu hawahawa."

Hakuna aliyecheka. Yeye aliitikia kwa kichwa mara moja tu. Hakusema amenisamehe, na hadi leo hajasema. Lakini alisimama, akaeleza kwa Kiswahili chake kwamba choo cha wasichana hakina mlango na binti zetu wanajizuia mchana kutwa. Kidole changu kiliniwasha kumsahihisha mara mbili. Nikakikunja kwenye kalamu, nikaandika alichosema.

Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza kwamba nimewaaibisha walimu wote. Nikaendelea kuandika.

Ndipo mzee mmoja, aliyehudhuria vikao miaka yote bila kutoa neno, akanyoosha mkono. Akauliza kama anaweza kusema kwa Kinyiha. Mwalimu wa darasa la pili akamtafsiria: gogo ambalo watoto hulitumia kuvuka kijito limeoza, na mvua ziko karibu.

Nilimwomba mzee arudie taratibu, nisije nikakosea kuandika.