Swara, Mbwa na Kiti cha Chai

Mafuta ya mnyama wa porini yakidondokea makaa hayanukii kama ya mbuzi. Mbuzi harufu yake ni ya nyumbani, ya sherehe na wageni. Swara ana harufu kavu, kama nyasi zilizochomeka, halafu kwa nyuma kuna kitu kama chuma kilicholowa. Ijumaa moja nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba ya binti yangu hapa Al Thumama, Doha, namenya vitunguu, ndege za uwanja zikipita juu yetu chini kabisa kama zinataka kubeba tangi la maji. Harufu hiyo ikanifikia, nikaweka kisu chini.

Mkwe wangu Omondi ndiye alikuwa anachoma. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja kule West Bay, na huwa anatuletea vitu ambavyo mimi sijui vinaliwaje. "Mama, leo utakula nyama ya wakubwa," akaniambia. "Hii ni swara. Wageni hotelini wanaipigania."

Binti yangu Wambui ni muuguzi na husoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya peremende. Akaichukua paketi akanisomea, maana mimi niliachia darasa la tatu na herufi ndogo zinanitoa machozi. Nyama ilitoka nchi ya mbali sana, kule chini ya dunia, ambako wanyama hao wamezidi mpaka wanamaliza malisho, kwa hiyo wanavunwa. Na pembeni kulikuwa na muhuri wa kuonyesha kwamba aliyechinja ni Mwislamu. Huko kwao Waislamu ni wachache, Wambui akasema, lakini wamemtafuta mmoja wakamweka kazini, kwa sababu wanunuzi wa Doha hawali bila hivyo.

Basi nikachukua kisu changu nikarudia vitunguu kwa nguvu. Omondi akadhani nimekasirikia pilipili. Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, lakini hasira yenyewe ni ya zamani kuliko yeye na mke wake. Hebu niwaeleze, nanyi mtaniambia kama nina haki.

Nilizaliwa Maili Tisa, Laikipia, kule Kenya. Msiitafute sana, ni maduka machache kando ya barabara ya vumbi, na nyuma yake mistari ya nyumba za mabati. Siku hizo uhuru ulikuwa bado mpya, lakini ranchi iliyotuzunguka ilikuwa ya mzungu yule yule wa kabla ya uhuru, na waya ule ule. Mwenyewe alikaa ng'ambo. Aliyetutawala sisi alikuwa meneja wake, mzungu mwingine, ambaye tulimwita Bwana Kinyoya kwa sababu ya unyoya wa kanga aliouchomeka kwenye kofia.

Katika mstari wetu Wakikuyu, Waturkana na Waborana tuliishi mlango kwa mlango, na tulipikia uwanja mmoja. Ukikaanga kitunguu, mstari mzima unajua. Mlango uliofuata wetu ulikuwa wa Mama Habiba, Mborana, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha mtu mnene. Baba mkwe wake, Mzee Abdi, alikuwa akiuza maji kwa punda. Krismasi ikifika, mbuzi wa Wakristo wote wa Maili Tisa alichinja yeye. Hakuna aliyetuamuru. Ukitaka jirani ale kwako, unamwita Mzee Abdi na kisu chake, anasoma maneno yake, anachinja, anapewa ngozi, na watu wote wanakula sahani moja. Mimi nilikua nikidhani mbuzi hawezi kufa kwa njia nyingine.

Sasa hao swara. Ranchi ilikuwa imewamaliza simba na chui kwa sumu, ili ng'ombe wa ranchi wakae salama. Simba wakiisha, swara nani atawapunguza? Wakazaana mpaka unaweza kudhani mlima unatembea. Wakala nyasi za ng'ombe, wakaruka waya wakala maharagwe ya mama yangu, hata maua ya maboga hawakuyabakiza. Lakini ukimpiga swara mmoja kwa rungu ndani ya shamba lako mwenyewe, unafungwa. Baba Ekai, Mturkana wa nyumba ya mwisho, alifungwa kwa ajili ya paja moja. Wakati huo huo Bwana Kinyoya akiwapiga swara risasi siku nzima, na jioni wote wanatupwa shimoni, wanamwagiwa dizeli wasije wakaliwa, wanachomwa. Sisi tunanusa ule moshi huku tunakula ugali na chumvi. Ukila ugali mtupu na harufu ya nyama puani, ulimi unadanganyika kidogo. Nilijaribu sana.

Chifu alipolalamikiwa vya kutosha akaenda kuongea na ranchi, na meneja akakubali: kila Jumamosi lori litaleta swara, wananchi wagawane bure. Mama yangu siku hiyo alivaa kitambaa chake cha kanisani kwenda kupokea nyama. Tukapata mguu mzima. Sijui kama nimewahi kunusa kitu kilichonifurahisha hivyo, hata mtoto wangu wa kwanza, na yeye alinukia vizuri.

Mama, kwa mazoea tu, akajaza sahani akaifunika akanituma mlango wa pili. Mama Habiba akafunua, akatabasamu, halafu akaniuliza, "Njeri, nani amechinja?"

"Bunduki," nikamjibu.

Akaifunika tena taratibu. "Mwambie mama yako nimeshukuru kabisa. Mrudishie, asikasirike."

Nyuma yake niliwaona Habiba na kaka zake wamekaa kwenye mkeka wanaangalia ile sahani. Hawakulia. Walikuwa wamefundishwa. Niliporudi na sahani, mama aliitazama kama mtu aliyekanyaga mtoto gizani. Alisema, "Kumbe sikufikiri." Akaiepua sufuria. Jioni ile akaenda kwa Mzee Abdi, na wanawake wengine wakamfuata.

Mzee hakuona shida yoyote. Alisema mnyama akipigwa risasi huwa bado ana roho kidogo. "Mimi nikiwa karibu nitamwahi na kisu. Niwe kwenye gari tu, maana miguu hii haiwezi tena kukimbizana na swara. Hata nilipokuwa kijana walinishinda." Wanawake wakacheka, wakarudi majumbani wamefurahi. Jambo limekwisha. Ndivyo tulivyodhani.

Jumamosi iliyofuata lori likaja limejaa, na mbele yake gari la Bwana Kinyoya lililokatwa nyuma, mbwa watatu wakubwa wamesimama humo, ndimi nje. Mama akamsogelea. Alimwamkia, akamweleza kwa heshima zote. Hatutaki nyama zaidi. Tunaomba siku ya kuwinda mchukue na Mzee Abdi, awachinje, ili Maili Tisa yote ile.

Kiswahili cha meneja kilikuwa cha kuamrisha tu. "Sawa," akasema. "Yeye napanda nyuma."

Tukawatazama mbwa. Mzee Abdi alikuwa amevaa kanzu yake safi, akainama kidogo. "Bwana, mbwa mimi sina ugomvi nao. Lakini mate yao yakinigusa siwezi kushika kazi hii mpaka nijioshe sana, na huko porini nitapata wapi maji? Labda leo wabaki nyumbani."

"Mbwa nazoea gari."

"Basi akae mbele," mama akasema. "Kuna viti viwili."

"Hii kiti ya mimi."

"Na hicho kingine?"

Sote tukachungulia. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na chupa ya chai, imelazwa juu ya kofia ya mvua kama mtoto aliyelala.

"Hiyo kiti ya chai," akasema Bwana Kinyoya.

Mama Habiba ndiye aliyeanza. Kile kicheko chake kilikuwa hakizuiliki, na mama yangu akasema, "Basi chai ipewe kisu ichinje," uwanja wote ukavunjika mbavu. Hata dereva wa lori aliegemea usukani mabega yakimtikisika. Mzee Abdi peke yake hakucheka. Alikuwa anauangalia uso wa meneja ukibadilika rangi.

"Veve hapana taka nyama?"

"Tunataka, bwana," mama akasema haraka, kicheko kimekatika. "Tunataka sana. Ni kiti tu."

"Veve hapana taka." Akapiga bodi ya lori kwa kiganja, dereva akageuza. Mama alilifuata lile lori akiongea, karai mkononi, akisema watoto, akisema hata hao wa leo tuachieni. Alikwenda nalo mpaka kwenye lango la waya. Jioni tukaona moshi kwenye shimo. Mbwa, nilisikia, walipewa maini kwanza.

Lori halikuja tena. Ranchi ikamwambia chifu, na chifu akatangaza barazani, kwamba watu wa Maili Tisa walipelekewa nyama ya bure wakaikataa kwa sababu ya dini na maringo. Maringo, jamani. Mama alisimama kujibu, akaambiwa akae chini wanaume wazungumze. Maneno hayo yakazagaa mpaka yakawa ndiyo historia. Niliolewa mbali, na shemeji yangu mmoja akaniuliza nikiwa natoa matumbo ya kuku kama ni kweli sisi ndio tulioringia nyama.

Kwa miaka mingi nilidhani yule meneja hakuelewa. Nilijiambia, ni lugha, ni mzungu, mambo ya kuchinja angeyajulia wapi? Nikawa hata namhurumia kidogo. Lakini nimelea watoto, nimefanya kazi kwenye nyumba za watu, nimepanda magari ya waajiri nikaonyeshwa pa kukaa, na nikaja kuelewa kwamba alielewa vizuri sana. Swara hawakumuuma, alikuwa anachoma lori zima. Angetupatia hata mia. Kitu ambacho hakuweza kutoa ni Mzee Abdi kuketi ubavuni mwake, bega kwa bega, barabara nzima, watu wakiona. Na mama yangu, ambaye mimi usiku ule nililala nimemnunia kwa sababu ya njaa, alikuwa amelijua hilo palepale, na bado akalikimbilia lori akiwa amejishusha mpaka chini kwa ajili ya watoto, mimi na wale wa Mama Habiba.

Juzi mtoto wa kaka yangu, Nyambura, alinipigia kutoka Maili Tisa. Ranchi siku hizi ni hifadhi, ina wakubwa wapya, na swara wamezidi tena mpaka mbuzi hawana majani. Kumeitishwa mkutano, wanataka kuwapunguza na kuleta nyama kijijini. Nilifurahi. Halafu akasema kuna bwana mmoja wa hifadhi, kijana wa Kikenya kabisa, mwenye suti, amesimama akasema wasijisumbue na Maili Tisa, wale walipewa zamani wakakataa.

Nilisimama nikazunguka sebule ya Wambui na simu sikioni mpaka wajukuu wakaniogopa. Nyambura akaniuliza, "Sasa Shangazi, kesho tunarudi mkutanoni, niwaambie nini? Nianze na ile hadithi ya Nyanya?"

Nikamwambia hadithi wataisikia baadaye. Aanze na gari. Awaulize ni gari gani litakalokwenda kuwinda, lina viti vingapi, na mchinjaji atakaa kipi. Wakianza kuangaliana, asiketi chini.