Maji Safi Yaliyomwagwa Kashojwa

Wiki hii nilifuatana na watafiti wawili wa Mbarara hadi Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Binti mtafiti alibeba kipande cheupe kama karatasi nene. Alisema ni nyuzi za titania, ile kemikali nyeupe inayotiwa kwenye rangi za kuta, nyembamba kuliko unywele, alizozivuta kwa umeme na kuzichoma tanurini. Jua likizipiga, zinaharibu uchafu na vijidudu vilivyomo majini.

Alikizamisha kwenye beseni la maji ya ziwa, akaliacha juani. Kufikia alasiri rangi ya manjano ya maji hayo ilikuwa imetoweka. Watu walipiga makofi. Mkubwa wake, yule mtafiti wa pili, akapiga picha, kisha akainua beseni na kumwaga maji yote chini.

Mama mmoja Mkongomani, aliyempakata mtoto anayeharisha, alisimama ghafla akitaka sababu.

“Muzee, unayamwanga juu ya nini?”

“Hayajapimwa, mama. Hatuwezi kuruhusu mtu ayanywe.”

“Na ile tunakunywaka kila siku, nani alishaipima?”

Mkubwa alijifuta mikono, akaingia garini. Binti alikunja kipande chake bila kumtazama mtu. “Pole, mama,” alisema. “Ninacho hiki kimoja tu.”

Mimi sina ugomvi na vipimo. Hasira yangu ni kwamba maji machafu hayakuwahi kumtia mtu wasiwasi. Wasiwasi umekuja yalipotakata. Yule mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua dumu lake na kushuka ziwani. Hakuna aliyemzuia.