Lango Bila Uzio

Kila asubuhi, kabla mwalimu wa kwanza hajafika, Papa Lukumani alitoka katika chumba chake nyuma ya ghala la shule, akaenda langoni, akalipuliza kufuli vumbi litoke, akalitikisa kuhakikisha kwamba halikufunguka usiku, kisha akalifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni kama mtu mwingine anavyovaa rozari. Alisukuma milango miwili ya chuma hadi mwisho, akasimama kando, akangoja watu waingie.

Upande wa kulia wa lango hapakuwa na uzio. Upande wa kushoto pia hapakuwa na uzio. Mbao zote zilikwisha kuingia katika majiko ya mtaa wa Mangobo mwaka uliopita, siku zile majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji na hakuna aliyethubutu kutoka kutafuta makaa. Lango lilibaki kwa sababu ni la chuma na chuma hakiwaki. Mbuzi wa majirani walipita pembeni. Mvua ilipopiga, maji yalipita pembeni. Lakini walimu na wanafunzi walipita langoni, maana aliyejaribu njia nyingine alirudishwa.

Kavugho alirudishwa siku yake ya kwanza kazini. Alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, binti wa mfanyabiashara wa chumvi aliyetoka Butembo, na alikuwa na haya kiasi kwamba alipendelea kuzunguka mtaa mzima kuliko kuomba njia. Aliona uwanja mpana uko wazi mbele yake, akaingia. Papa Lukumani akamfuata taratibu.

"Mademoiselle," alisema kwa adabu kubwa, "mulango iko kule."

Kavugho alirudi hadi barabarani, akaingia kupitia langoni, akapokewa kwa salamu kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Swali lilimjia mdomoni palepale. Akalimeza. Tangu siku hiyo alilimeza kila asubuhi, pamoja na chai.

Papa Lukumani alikuwa mtu wa familia zile za zamani za Waislamu wa Kisangani, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa hadi ikawa laini kama karatasi. Yeye na mkewe, Mama Kadidja, waliishi katika chumba kile cha nyuma ya ghala kwa sababu ya kazi ya ulinzi. Mshahara ulikuwa habari ya kusimuliwa tu. Chumba ndicho kilikuwa mshahara.

Kwa hiyo madawati yalipoanza kupotea, aliyekuwa hatarini kwanza ni yeye. Yalipotea moja moja, kama meno. Mkuu wa shule, Directeur Zacharie, mtu wa tai na hotuba, aliunda Kamati ya Usalama, akamteua Kavugho kuwa mwandishi wake kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kukataa. Wazazi waliwakilishwa na Emile, fundi seremala wa mtaa, ambaye hakuvua kofia yake ila akiingia ndani ya nyumba au mbele ya bendera. Alipoivua katika kikao cha kwanza, kila mtu aliuona upara wake uliogawanywa na kovu refu lililonyooka kana kwamba limepigwa kwa rula.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Iliamua shule iwe na neno la siri, ili mtoto asichukuliwe na mtu asiyelijua. Directeur alilitangaza neno hilo la siri kwenye mstari wa asubuhi, kwa sauti kubwa, akalirudia mara mbili kwa ajili ya darasa la kwanza, na wauza mikate wa barabarani nao wakalishika. Kisha kamati iliamua kuweka mbwa. Ilipokumbukwa kwamba katika njaa ile mbwa angehitaji mlinzi wake, iliamua kuweka kibao tu cha MBWA MKALI. Emile alijitolea kukichonga. Kikachongwa vizuri, kikatundikwa langoni, kikaibiwa.

Ni Emile aliyesema mwishowe kile ambacho wengine hawakutaka kusema. Alieleza kwa masikitiko kwamba Papa Lukumani amechoka, kwamba mlinzi anayefunga lango lisilo na uzio haibi yeye, la hasha, lakini anawachekesha wezi. Directeur akakubali. Dawati moja zaidi likipotea, mlinzi atatoka na chumba kitapewa mwingine. Kavugho alitakiwa kumpelekea habari hiyo. Alisimama mbele ya chumba kile, akatazama masufuria ya Mama Kadidja yaliyopangwa kwa ukubwa, akaanza kuyahesabu. Papa Lukumani akamsaidia. Alisema amekwisha kusikia, ukuta wa ofisi ni mwembamba, na mademoiselle akale kwanza.

Wiki ile ile, saa sita mchana, watoto wa asubuhi walikuwa wamekwenda na wa mchana hawajafika. Lango lilikuwa limefungwa, kama kawaida ya saa hiyo. Watu watatu waliovaa nguo za kijeshi walipita pembeni, wakisukuma baiskeli zile za kubebea abiria, ambazo mjini huitwa toleka. Aliyetangulia alivaa miwani myeusi na bereti iliyoshuka hadi kwenye nyusi, na bunduki begani. Hakusema neno. Wa pili ndiye aliyetangaza kwamba madawati yanahitajika na jeshi, kwamba amri imetoka juu.

Mwaka ule amri zilitoka juu kila siku, na hakuna aliyeuliza juu ni wapi. Directeur Zacharie alikumbuka kazi fulani chooni, akajifungia. Walimu wawili wakaingia chini ya meza ya ofisi, na Kavugho, aliyechelewa, akabaki nyuma ya mlango akichungulia kwenye ufa.

Papa Lukumani aliwaendea wale watu. Kavugho alifikiri atawasihi. Aliwaomba tu warudi wapitie langoni. Angewafungulia mara moja. Wakacheka. Wakaingia darasa la sita, wakatoa madawati uwanjani, wakaanza kuyafunga kwenye baiskeli kwa kamba za mpira.

Mzee alisimama akiwatazama. Kisha aligeuka, akaenda kwenye mlingoti wa bendera. Baadaye alieleza kwamba hakuwa na mpango wowote. Dawati lilikuwa linatoka, kwa hiyo kazi yake imekwisha, na mlinzi anayeondoka haachi bendera juu bila mtu. Akatoa filimbi mfukoni, akapuliza.

Sasa, mtoto yeyote aliyesoma katika nchi hii anajua filimbi ya bendera kuliko jina la shangazi yake. Ikilia, unasimama. Saa haikuwa saa yake, lakini miguu haikungoja kuuliza. Barabara nzima ikaganda. Mama aliyebeba beseni la sombe, yale majani ya muhogo, kichwani alisimama. Dereva wa toleka alishusha mguu mmoja, na abiria wake akateremka. Mama Fortunée, muuza mikate, alinyooka wima na kijiko cha mafuta mkononi, huku mikate ikiungua katika karai. Bendera yenyewe ilikuwa imepauka hata usingeweza kusema ni ya serikali gani, na katika vita vile hilo lilikuwa jambo la usalama.

Wale watatu nao waliganda. Mwanajeshi bendera ikishuka hupiga saluti na kofia yake kichwani. Hawa walinyoosha mikono mapajani kama darasa la pili. Na yule wa mbele, kwa haraka ya mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kosa hilo, alivua bereti yake.

Jua la saa sita likaangukia upara, na juu ya upara, kovu lililonyooka kama rula.

Kamba ya bendera ilikuwa ya zamani na ilikwama kila ilipofika katikati. Papa Lukumani aliivuta bila haraka. Muda wote huo Emile alisimama pale, bereti mkononi, macho mbele. Kurudisha kofia kichwani bendera ikiwa bado inashuka ni jambo ambalo hata mwizi hakufundishwa. Bunduki iliteleza begani mwake, ikagonga saruji, ikalia kama mti. Ilikuwa mti. Hata Kavugho, nyuma ya mlango, aliona kwamba imepigwa msasa vizuri.

Bendera ilipofika chini, wasaidizi wawili walikimbia na kuacha baiskeli zao. Emile hakukimbia. Aliinua mkono kama aliye kwenye kikao, akaeleza kwamba yeye ni mjumbe wa Kamati ya Usalama, kwamba hili lilikuwa zoezi la kupima ulinzi wa shule, na kwamba, bon, matokeo si mabaya. Directeur, ambaye alikuwa ametoka chooni akitengeneza tai, aliitikia kwa kichwa. Huenda angeamini.

"Emile," Mama Fortunée alisema kutoka barabarani, "na zoezi ya madawati yenye iko kwako, ile utamaliza lini?"

Alikuwa akiyaona kila alipopeleka mikate kwa fundi, akidhani yameletwa kutengenezwa. Watu walikwenda kwenye karakana ya Emile. Madawati yalikuwa pale, yamepakwa vanishi mpya, na chini ya vanishi majina ambayo watoto waliyachora kwa misumari yakisomeka vizuri kuliko zamani. Kibao cha MBWA MKALI kilikuwa juu ya mlango wake. Emile aliambiwa ayarudishe yote mwenyewe, mchana kweupe, na aliyabeba kichwani huku mtaa ukimpigia makofi kila safari. Katika safari ya kwanza alikata uwanjani moja kwa moja. Papa Lukumani akamrudisha. Ilibidi angoje barabarani na dawati kichwani, jasho likimtiririka, mzee alipokuwa akilipuliza kufuli.

Kesho yake asubuhi Kavugho alifika mapema kuliko walimu wote. Alipita langoni, akapokea salamu, na safari hii hakuendelea na njia. Alitazama nafasi kubwa iliyo wazi kuume, akatazama iliyo kushoto.

"Papa Lukumani," alisema, "kwa nini unafunga lango, na uzio haupo?"

Mzee aliuangalia ufunguo kifuani mwake, kisha akamwangalia mwalimu, kana kwamba amekuwa akingoja mwaka mzima mtu amuulize jambo rahisi namna hiyo.

"Mademoiselle," alisema, "mimi walinipatia ufunguo. Uzio hawakunipatia."