Jumamosi ya Salongo katika Chumba cha Mashine

Nilizaliwa Kalehe, katika nyumba ya udongo iliyotazama ziwa, mtoto wa mkulima wa mihogo ambaye hakujua kuandika jina lake. Nalisema bila haya, maana safari ya kutoka pale hadi diploma ya kompyuta niliyoipata Ubelgiji niliifanya mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisukuma, wala waziri aliyenijua. Mapadri walinifundisha hesabu, nami nikawapita. Niliporudi Bukavu, miaka ile ya Zaïre, wenzangu niliosoma nao walibaki Ulaya wakiniita mjinga. Mimi nilitaka mji wangu uwe na mashine.

Mashine ikaja. Kampuni ya chai iliyoniajiri ilileta kompyuta moja, kubwa kama kabati tatu za nguo, wakaiweka katika chumba cha chini. Kazi yake ilikuwa kujumlisha uzito wa majani yaliyochumwa kila siku katika mashamba yote. Programu niliiandika mimi, kwa miezi saba. Siku hizo programu ilikaa kwenye kadi za karatasi ngumu zenye matundu, kila mstari kadi yake, na mashine ilizisoma moja baada ya nyingine. Zangu zilizidi mia sita. Kadi mbili tu zikipishana, kazi yote inakwama.

Kila kitu kilikuwa adimu, basi tulitumia kadi zozote zilizopatikana: nyeupe, za bluu, za waridi, zote zimechanganyika. Wino wa mashine ya kutobolea ulikuwa umekwisha zamani, kwa hiyo kadi hazikuwa na herufi hata moja, ni matundu matupu. Mwalimu wangu wa Ubelgiji alitufundisha kutoboa namba ya mfuatano pembeni mwa kila kadi. Mimi sikuziweka. Niliona hizo ni za watu wenye kichwa kizito.

Aliyezitoboa kadi alikuwa mama mmoja mjane, umri wa kunizaa, aliyeishia darasa la sita. Nilimpa karatasi zangu, akatoboa. Nikasahihisha, akatoboa tena. Tulipomaliza nilizichoma zile karatasi. Zilikuwa zimejaa makosa yangu, na sikutaka mtu ayaone.

Kisha habari ikafika kwamba wakurugenzi wanakuja kutoka Kinshasa siku ya Jumatatu. Ilijulikana kwamba wanaitaka mashine iende kwao. Isipofanya kazi mbele yao, itafunguliwa vipande ipandishwe ndege, nami nitabaki na diploma yangu ukutani.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha na kulima kwa ajili ya taifa. Msimamizi wa chama tawala pale kazini alinikuta mlangoni.

"Citoyen ingénieur, leo tunaosha chumba chako juu ya bageni. Shika ndoo."

"Miye sikuenda Ulaya juu ya kuosha nyumba."

"Ah bon! Diploma yake haijuake ndoo!" Watu wote wakacheka.

Nikamtupia ufunguo, nikaenda zangu mtaa wa Muhumba kwa fundi kujaribu abakosti mpya, ile suti ya Kizaïre isiyovaliwa na tai, niliyoishonesha kwa ajili ya Jumatatu.

Niliporudi jioni chumba kilinukia sabuni. Masanduku ya kadi yalikuwa yameoshwa na kuanikwa kwenye majani, yamekauka, yamerudishwa mahali pake. Msimamizi alisimama kando yake kama baba wa arusi.

"Angalia, ingénieur. Kadi zako zilikuwa zinavurugika sana. Tumezipanga bien. Za rose na za rose, za bleu na za bleu."

Hawakuwa na nia mbaya. Walizipanga kama mtu anavyopanga nguo alizofua. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji, na abakosti mkononi.

Yule mama alikuja karibu, akachukua kadi moja ya bluu, akaielekeza kwenye dirisha.

"Hii inakuyaka nyuma ya ile ya kuhesabu magunia," akasema. Akachukua nyingine. "Na hii uliniambia nirudilie mara ine. Ine, papa! Nitaisahau je?"

"Unasoma matundu?"

"Weye ulifikiri nilikuwa naangalia nini miezi saba muzima? Usilie mbele ya batu. Kesho nitakuya."

"Na misa?"

"Mungu anayuaka pahali niko."

Jumapili, tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, alikaa akiinua kadi kwenye mwanga na kuziweka kwenye meza ndefu. Mimi, mwenye diploma, nilimpokeza. Mara mbili nilimpinga, na mara zote mbili mashine ilimpa haki yeye.

Jumatatu kila kitu kilikwenda. Mashine ilimeza kadi zote mia sita na zaidi na kutoa hesabu za mashamba yote, na wageni wakasimama midomo wazi. Mkubwa wao aliniuliza kwa Kifaransa nani aliandika programu. Nikasema, mimi. Akauliza nani anashughulika na kadi, kuzitoboa na kuzipanga. Mama alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Kifaransa cha namna hiyo alikisikia vizuri.

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Hapa kila kitu ni mimi."

Wiki tatu baadaye barua ilikuja. Mashine inabaki Bukavu. Na kwa kuwa mkuu wa kituo cha mashine, kama alivyoeleza mwenyewe, anaweza kazi zote, nafasi ya mtoboaji wa kadi inafutwa.

Mashine ilibaki, na juu yake nilijenga kazi yangu yote. Vijana niliowafundisha katika chumba kile leo wanaongoza ofisi katika miji mitatu. Hayo najisifia, na nina haki.

Lakini yule mama alikuja siku ya mwisho kuomba cheti cha kazi, apate kutafuta mahali pengine. Nilikipiga taipu mimi mwenyewe, ukurasa mzima: mwaminifu, mwepesi wa mikono, hachelewi. Nilitumia maneno mazuri niliyokuwa nayo. Nakala yake ilipaswa kwenda kwa wakurugenzi. Alikisoma akiwa amesimama, polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Ile Yumapili haiko ndani," akasema.

Nikamwambia cheti hakiandikwi hivyo.

"Aah. Sawa, ingénieur." Akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akanipa mkono. Nikaupokea.