Shimo la Tatu kutoka Kushoto

Kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja, na kazi hiyo imeniharibu. Situlii nikiona kitu kisicho na namba. Hapa kwangu Masaka nimebandika vikaratasi kwenye funguo, kwenye ndoo za unga, hata kwenye waya za runinga. Wageni hunicheka, na mimi huwanyamazia, maana wao ndio hutafuta funguo zao nusu saa mlangoni.

Baba alihamia kwangu kutoka Karagwe, ng'ambo ya mpaka, baada ya mama kufariki. Presha ilikuwa inampanda na kushuka, mtoto wake ni mimi peke yangu, basi tukakubaliana. Alikuja na sanduku moja la nguo na ubao wa igisoro alioufunga kwenye blanketi. Ubao huo una safu nne za mashimo manane manane. Safu mbili ni zako, mbili za mwenzako anayekaa ng'ambo, na kazi ni kuzungusha kete shimo hadi shimo huku mkilana kete. Kule Karagwe alicheza na jirani yake kila alasiri kwa miaka thelathini. Jirani aliuita mchezo huo bao, baba akauita igisoro, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekubali jina la mwenzake.

Huku hakupata wa kucheza naye. Wanaume wa mtaani kwetu hupanda pikipiki alfajiri kwenda kazini na kurudi wamechoka hoi. Nikajitolea mimi. Baada ya michezo miwili akakusanya kete zake. "Mwanangu," akasema, "wewe unacheza kama mtu anayejaza fomu."

Wiki ya tatu akaanza kuulizia mabasi. Hakulalamika, hakununa. Aliuliza tu, kama anavyouliza kuhusu mvua: basi la kwenda mpakani linaondoka saa ngapi? Niliumia. Nilikuwa nimemjengea chumba chenye dirisha la kutazama mihogo, nikakipaka rangi aliyoichagua mwenyewe. Tena niliogopa, maana kule angeishi peke yake, na ile presha haipigi hodi.

Ndipo nikapata wazo la simu. Kama jirani hawezi kuja Masaka, basi sauti yake ije. Kila mmoja aweke ubao wake mbele, amtajie mwenzake shimo analochezea, na mwenzake amchezee kete zake kule aliko. Wazee wote wawili walilikubali, lakini tukakwama papo hapo: shimo linaitwaje? Katika miaka thelathini hawakuwahi kuyapa mashimo majina. Mkono ulikwenda, jicho likaona, basi.

Hapo nikafurahi kupita kiasi, nasema kweli. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kila mtu, nikaamuru, safu yake ya nyuma iwe A, ya mbele iwe B, na mashimo yahesabiwe moja mpaka nane kutoka kushoto. Nikaenda duka la uchapishaji kule mjini, Sonatubes, kuchapisha vibandiko. Kijana wa duka aliugeuza mchoro wangu mara mbili.

"Dada, iyi kitu iko ramani ao iko mchezo?"

"Ni mchezo."

"Sasa mchezo iko na adresi ya nini?"

Nikamwambia achapishe tu. Jioni nikabandika namba zangu ukingoni, upande wa baba, zimenyooka kama mstari wa rula. Jirani nikamsomea utaratibu kwa simu, naye akasema ameelewa, binti yangu, si mambo ya kushoto tu?

Jumatatu wakaanza. Simu iliwekwa juu ya kopo la sukari, sauti imefunguliwa. "A tatu," akasema jirani, na baba akanyoosha mkono ng'ambo, akatafuta namba tatu, akamchezea. "Nami A tano," akajibu baba. Mimi niliandika kila hatua kwenye daftari. Walitaniana, walikohoa, waliulizana habari za ng'ombe na magoti. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Hatua ya kumi hivi, baba akasema kwa raha kwamba anakula kete sita.

"Kutoka wapi?" akauliza jirani.

"Mbele ya B yangu ya saba."

"Hapo kwangu ni patupu, mzee mwenzangu. Hapana hata moja."

"Ziko sita. Ninazo mkononi."

Jirani akasema taratibu, "Miaka yote ile nimekaa, macho yangu kwenye mikono yako. Sasa nimekuwa mbali, umeanza."

Baba akakata simu. Aliufunga ubao kwenye blanketi na kwa siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne akaniambia nimkatie tiketi. "Ameniita mwizi," akasema. "Jambo hilo haliishi kwa simu. Nitakwenda nikae mbele yake." Nilimjua baba yangu. Akishakaa mbele ya yule mzee, Masaka ingemwona tena kwenye harusi na misiba tu.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, sikwenda ofisini. Nikachukua daftari, nikachora ubao, nikacheza mchezo wote upya. Kila mara nilipata kete sita pale pale, na kila mara nikasema, jirani amezeeka. Mwisho nikampigia, kwa kiburi changu chote, nimwelekeze kosa lake.

"Mzee, ukisema tatu, unahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka kushoto, binti yangu. Si ulisema mwenyewe?"

"Kushoto kwako?"

"Kwani kuna kushoto kwingine?"

Nikaurudia mchoro wangu. Watu waliokaa wakitazamana, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Yeye alihesabu kutoka mkono wake wa kushoto, na sisi tukamchezea tukihesabu kutoka mkono wa baba. Tatu yake ilikuwa sita yangu. Tangu hatua ya kwanza walikuwa wanacheza michezo miwili tofauti, wote wawili waaminifu, na mwizi alikuwa mimi na namba zangu zilizonyooka.

Kuungama kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba simu. "Mzee mwenzangu," akasema, "kosa ni la huyu mchora ramani." Basi wakanicheka, mmoja Karagwe mmoja Masaka, muda mrefu hata nikaona wanapoteza salio makusudi.

Jumamosi nilileta vibandiko vipya, safari hii vya pande zote mbili, vya ng'ambo vimegeuzwa kichwa chini. Baba alivipokea kwa heshima, akaviweka pembeni. Kisha akachukua kisu cha kumenyea viazi akabandua hata vile vya zamani. Akaweka kigoda cha pili upande wa ng'ambo.

"Sema," akaiambia simu.

"Nyuma, la tatu."

Baba akainuka, akazunguka meza taratibu na magoti yake yale, akakaa kwenye kigoda cha mwenzake. Akahesabu kutoka mkono wake wa kushoto, ambao sasa ulikuwa mkono wa kushoto wa jirani. Akacheza. Akabaki pale kidogo, akiutazama upande wake mwenyewe. "Kumbe ukikaa hapa unaniona nilivyo wazi," akasema. Jirani akacheka: "Ndiyo maana nilikuwa nakula sana!"

Walicheza hivyo hadi chai ilipopoa, baba akizunguka meza kwenda na kurudi. Nilimwambia atulie, mimi nitamchezea mwenzake. Alikataa katakata.

Jumapili, baada ya kanisa, nilijikaza nikamuuliza, huku nikijifanya napanga vikombe: ile tiketi, nikate ya siku gani?

Alinishangaa. Akanyoosha kidevu kuelekea kigoda cha ng'ambo.

"Nikiondoka, huyu nitamwacha na nani?"